Kufundisha Gharama ya Umeme kwa Mfano wa Birika

Katika makala haya tunapendekeza somo moja la Hisabati kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi: kukokotoa gharama ya kuchemsha maji kwa birika la umeme. Tumelichagua kwa sababu watoto wengi, na hata wazazi wao, huamini kwamba chombo chenye wati nyingi ndicho kinachomaliza fedha za nyumbani. Imani hiyo ni nusu tu ya ukweli.

Shabaha: Mwanafunzi aeleze kwamba gharama hutokana na nguvu ya chombo pamoja na muda wa kukitumia.

Vifaa: Stakabadhi za LUKU kutoka nyumbani na mchoro wa kibandiko cha birika. Shule isiyo na umeme hutumia mifano ya ubaoni.

Hatua ya kwanza: Bei. Wanafunzi wagawanye fedha zilizolipwa kwa uniti zilizopatikana. Ikiwa shilingi 7,000 zilinunua uniti 20, uniti moja ni shilingi 350.

Hatua ya pili: Matumizi. Uniti moja ni kilowati moja inayotumika kwa saa moja. Birika la wati 2,000, yaani kilowati 2, huchemsha lita moja ya maji kwa dakika 3 hivi. Hapa ndipo wengi hukosea: huzidisha 2 kwa 3, wakapata uniti 6, yaani shilingi 2,100. Mwalimu asifute jibu hilo upesi. Aulize: Je, yawezekana chai ya asubuhi moja ikala umeme wa shilingi 2,100? Swali hilo litawarudisha wenyewe kwenye kosa, kwani dakika hazijageuzwa kuwa saa. Dakika 3 ni 3/60 ya saa; kwa hiyo 2 × 3/60 = uniti 0.1, gharama yake shilingi 35.

Hatua ya tatu: Kulinganisha. Balbu ya wati 60 iliyosahauliwa barazani kwa saa 10 hutumia uniti 0.6, yaani shilingi 210. Birika likichemsha mara tatu kwa siku hugharimu shilingi 105, nusu ya balbu ile. Wanafunzi wajadili ni kipi kinachostahili kuangaliwa zaidi.

Zoezi: Mtu anahitaji nusu lita ya maji, lakini hujaza birika lita moja na nusu kila mara. Anatumia umeme mara ngapi zaidi ya haja yake? (Jibu: takriban mara tatu.)

Tahadhari: Birika lishikwe na mwalimu peke yake.

Mwalimu mwanafunzi akumbuke kwamba hesabu hii haimaliziki darasani. Mtoto aliyeielewa vema ataweza kuisaidia familia yake kupanga matumizi, na hapo elimu huwa imetimiza kazi yake.