Tusiache sindano kwa habari ya panya

Hapa Sinza darsa haliishi siku hizi bila mtu kuuliza habari ya kisukari. Karibuni limeongezeka swali jipya: eti wataalamu wamegundua vitu vidogo mno mwilini vinavyolinda chembe za insulini, je, mgonjwa aendelee na sindano ya nini?

Habari yenyewe ni kweli. Hitimisho ndilo lenye hatari.

Ndani ya kongosho mna chembe ziitwazo beta, ambazo ndizo zinazotengeneza insulini. Katika kisukari aina ya kwanza, askari wa mwili wenyewe huzigeukia na kuziua. Katika aina ya pili mwili huikaidi insulini, na beta huelemewa kidogo kidogo.

Kila chembe ina maktaba yake ya maelekezo. Yakihitajika, hunakiliwa katika RNA na nakala ikapelekwa kwa fundi ajenge protini. Mwaka 1993 Wamarekani Victor Ambros na Gary Ruvkun, wakichunguza mnyoo wa urefu wa milimita 1 tu, walieleza RNA fupi, yenye herufi kama 22, isiyojenga chochote. Hiyo hunata kwenye nakala nyingine ikainyamazisha, mithili ya msimamizi anayemwambia fundi: hapo basi. Wakaja kupewa Nobeli ya tiba mwaka 2024.

Kwenye kongosho iko moja mashuhuri, nambari 375. Mwaka 2004 watafiti walionesha kuwa ikizidi, chembe hutoa insulini kidogo. Mwenye haraka angesema iondolewe! Lakini mwaka 2009 ilionekana kuwa panya walioikosa walikuwa na beta chache na sukari yao ilipanda. Yaani kile kile kinachozuia ndicho kinacholinda, na kinachotakiwa ni kadiri yake. Tena RNA moja hugusa nakala nyingi, kwa hiyo ukiichezea huku, kule nako panatikisika.

Hao ni panya. Mgonjwa wetu hana dawa ya namna hiyo ya kuandikiwa, na chembe iliyokwisha kufa haina tena cha kulindwa.

Nalisisitiza hili kwa sababu ugonjwa umeingia majumbani. Dk. Donald McLarty na wenzake walipopima watu katika vijiji 6 vya Tanzania miaka ya 1980, walikuta kisukari kwa karibu mtu 1 katika kila 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, ingawa haukufanywa kwa namna ile ile, ulikuta karibu 9 katika kila 100, wenye umri wa miaka 25 hadi 64.

Wapo wanaoshika mafundisho kwamba kila maradhi yana dawa, kisha wakayatumia kuuzia chupa za majani. Mafundisho hayo yanatutaka tuitafute dawa. Insulini ilitafutwa, ikapatikana Toronto mwaka 1921, na kabla ya hapo mtoto mwenye aina ya kwanza alikuwa ni wa kungojewa kifo. Hata leo, akikatishiwa sindano, anaweza kufa ndani ya siku chache.