Altaneta Inasumbua: Utengeneze au Ununue Nyingine?

Taa nyekundu ya betri ikiwaka kwenye dashibodi ukiwa Lodwar, na abiria wa Kakuma tayari wameketi, usiondoke kwanza. Mbele yako kuna karibu kilomita 120 za jua na vumbi. Altaneta isipochaji, gari linakula betri peke yake. Usiku, ukiwa umewasha taa, betri haitakupeleka mbali.

Ukifika kwa fundi, swali huwa ni moja: tutengeneze hii au tuweke nyingine? Wengi wetu huangalia bei tu. Anza na kujua nini kimeharibika.

1. Pima kwanza

Mwambie fundi aweke mita kwenye vichwa vya betri.

- Injini ikiwa imezimwa, betri nzuri husoma karibu volti 12.6.
- Injini ikinguruma, magari mengi husoma kati ya 13.8 na 14.5.
- Ikibaki 12 na kitu, altaneta haichaji.
- Ikipita 15, inachaji kupita kiasi na itachemsha betri.

Angalia pia mkanda na nyaya. Mkanda uliolegea au waya wenye kutu huleta dalili zilezile, na kurekebisha ni pesa kidogo.

Kuna fundi atakayetaka kung'oa waya wa betri injini ikinguruma, "tuone kama itazima." Kataa. Kwenye magari ya siku hizi, jaribio hilo linaweza kuunguza dayodi na kompyuta ya gari.

2. Ni kifaa gani kimekufa?

*Brashi, beringi au regyuleta:* hivi ni vya kubadilisha. Beringi hujulikana kwa mlio wa kusaga, na vumbi letu huimaliza haraka. Kama mwili wa altaneta uko sawa, tengeneza.

*Dayodi:* inategemea kama spea inapatikana. Dalili moja ni betri kuisha gari likiwa limeegeshwa tu usiku.

*Koili iliyoungua:* utasikia harufu ya kuungua. Kufunga koili upya kunahitaji fundi mzuri sana, na joto la Turkana halisamehe kazi ya haraka haraka. Hapa mara nyingi ni afadhali kununua nyingine.

3. Gawanya bei kwa miezi

Tuseme kutengeneza ni shilingi 4,000 na unatarajia miezi minne. Hiyo ni 1,000 kwa mwezi. Altaneta ya mtumba ni 10,000, na ikikaa miezi ishirini ni 500 kwa mwezi. Ile "ya bei rahisi" imekuwa ghali mara mbili. Na bado hujahesabu siku ambazo gari litalala bila kazi.

Lakini kama ni brashi za shilingi mia chache na fundi anakupa waranti, usikimbilie kununua. Weka pia bei za mji wako, usitumie hizi zetu.

4. Lipa kwa akili

Spea ikitoka Kitale, karibu kilomita 300 kutoka Lodwar, huwezi kuishika kabla ya kulipa. Kwa hivyo:

- Muulize muuzaji picha ya kibandiko cha altaneta. Linganisha namba, ampea, mifereji ya puli na plagi na ile yako ya zamani.
- Lipa kwa Till ya duka, si kwa namba ya mtu binafsi. Soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Jina likiwa lingine, simamisha.
- Usitume pesa yote mara moja. Kubalianeni kwa ujumbe: amana sasa, salio mita ikisoma 14 injini ikinguruma, taa zikiwa zimewashwa.
- Usifute ujumbe wa malipo. Altaneta ikifa ndani ya waranti, huo ndio risiti yako.

Na kama gari ndilo linakulisha, anza leo kuweka kidogo kwenye akiba ya simu kila safari. Shilingi 100 kwa safari, safari 20 kwa mwezi, ni 2,000. Kwa miezi mitano una altaneta ya mfano wetu, bila kukopa ukiwa umekwama barabarani.