Nyumba Mlimani, Kazi Mjini: Piga Hesabu ya Safari Kabla ya Kununua Gari Sydney

Somo la leo ni safari ya kazini, hasa kwa wanaoishi au kufanya kazi kaskazini-magharibi ya jiji, eneo linaloitwa Hills: Castle Hill, Cherrybrook, Kellyville, Rouse Hill, Box Hill, mpaka Dural na Kenthurst. Kazi huko zipo. Wenye majumba makubwa wanatafuta watu wa usafi, wa kulea watoto na wa kutunza wazee, na upande wa Box Hill mjengo hauishi. Ila eneo lenyewe lilipangwa kwa ajili ya mwenye gari: vilima, barabara za kujipinda, basi la kusubiri sana, na huko Dural na Kenthurst sehemu kibao hazina hata njia ya miguu.

Ndiyo maana mgeni akifika tu anaambiwa: "Nunua gari." Sawa, lakini jiulize kwanza: gari la kufanya nini? La kwenda mpaka mjini kila siku, au la kukufikisha stesheni tu? Tofauti ya majibu hayo mawili ni maelfu ya dola kwa mwaka, na hizo ndizo pesa za karo, za kiwanja na za dawa za mama.

1. Shida si kilomita 30, ni zile 3

Zamani Hills haikuwa na treni. Watu walibanana kwenye mabasi ya barabara ya M2. Tarehe 26 Mei 2019 metro ilifunguliwa kutoka Tallawong hadi Chatswood, na tarehe 19 Agosti 2024 ikaendelea kupita katikati ya jiji hadi Sydenham. Asubuhi na jioni, saa za msongamano, inapita kila dakika 4.

Kwa hiyo kipande kirefu cha safari kimeshapata dawa. Kilichobaki ni kile kifupi, kutoka mlangoni kwako hadi stesheni: kupanda kilima, gizani, pengine na mvua. Hapo ndipo pa kutumia akili. Njia zipo nne:

- Chumba karibu na stesheni. Kikizidi dola 20 kwa wiki lakini unafika kwa miguu, bado ni rahisi kuliko gari.
- Basi kisha metro. Mtu mzima akibadilisha kutoka basi kwenda metro ndani ya dakika 60, anapunguziwa dola 2.
- Kuchukuliwa na bosi. Dada wa kazi za ndani, ongea mapema kabla hujakubali kazi: "Naomba mnichukue stesheni ya Cherrybrook saa 2 asubuhi na kunirudisha jioni." Ni ombi la kawaida, hasa kama nyumba iko Dural.
- Kuegesha stesheni. Tallawong, Kellyville, Bella Vista, Hills Showground na Cherrybrook zina maegesho makubwa. Ukisafiri kwa metro, kuegesha ni bure hadi saa 18. Tumia kadi ile ile ya Opal kwenye geti la maegesho na kwenye geti la treni. Nafasi hujaa, kwa hiyo wahi.

2. Kadi ya Opal: mambo manne ya kushika

Kwanza, kwa wiki, Jumatatu hadi Jumapili, mtu mzima halipi zaidi ya dola 50. Ukishafika hapo, safari zinazobaki za wiki hiyo ni bure, isipokuwa ada ya kupitia stesheni za uwanja wa ndege, ambayo ina hesabu yake.

Pili, saa. Bei ya juu ni Jumatatu hadi Alhamisi, kuanzia saa 12:30 hadi saa 4 asubuhi, na saa 9 alasiri hadi saa 1 usiku. Kwa saa ya simu ni 6:30 hadi 10:00 na 15:00 hadi 19:00. Nje ya hapo, na Ijumaa hadi Jumapili siku nzima, nauli inapungua asilimia 30. Kinachohesabiwa ni dakika uliyogonga kadi kuingia. Kaka wa mjengo unayeanza kazi saa 1 asubuhi, ukigonga saa 12:25 badala ya 12:35 umeshaokoa.

Tatu, kifaa kimoja tu. Opal, kadi ya benki na simu zote zinalipa, lakini mashine inaziona kama watu tofauti, hata kama akaunti ni moja. Ukichanganya, hizo dola 50 hutazifikia kirahisi na utalipa zaidi.

Nne, gonga ukitoka. Ukisahau kugonga, unakatwa nauli ya juu kabisa.

3. Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano. Wewe weka namba zako.

*Gari mpaka mjini kwa wiki:* petroli dola 60. Tozo za barabara 60. Bima, usajili na matengenezo 50. Jumla 170, na hapo bado hujaegesha mjini.

*Metro, unafika stesheni kwa miguu au basi:* dola 50, basi.

*Gari dogo la stesheni pamoja na metro:* petroli 15, gharama za gari 50, Opal 50. Jumla 115. Mkiwa wawili mnaokaa pamoja na mnachangia gari moja, kila mtu anatoa kama dola 82.

Kati ya wa 170 na wa 50 kuna tofauti ya dola 120 kwa wiki. Kwa wiki 48 za kazi ni dola 5,760. Tukichukua dola moja kuwa shilingi 85 za Kenya, hiyo ni karibu shilingi 490,000. Usilinganishe kodi ya chumba peke yake. Chumba cha bei poa mlimani kinaweza kuwa ghali kuliko cha karibu na stesheni.

4. Kama gari ni lazima

Wapo wasioweza kukwepa. Metro hufungwa usiku, na mwenye zamu za usiku au wateja watatu kwa siku huko Kenthurst hawezi kutegemea basi. Basi fanya hivi:

- Leseni. Mwenye viza ya muda akikaa NSW zaidi ya miezi 6 anatakiwa awe na leseni ya NSW. Mwenye ukaazi wa kudumu ana miezi 3.
- Bima. Usajili unadai bima ya lazima, ile Green Slip. Hiyo inashughulikia watu walioumia tu. Ukigonga gari la mtu, haitalipa hata taa. Ongeza bima ya mali ya watu wengine. Bila hiyo, kosa moja kwenye mteremko linaweza kula akiba ya miaka.
- Tozo. Kutoka Hills hadi mjini kwa M2 unaweza kulipa mara tatu: M2, handaki la Lane Cove, kisha daraja au handaki la Harbour. Fungua akaunti ya tozo, maana asiye nayo anaongezewa ada. Tangu Januari 2024 gari la matumizi binafsi linarudishiwa kinachozidi dola 60 kwa wiki, lakini ni lazima uombe kupitia Service NSW.
- Simu. Kamera zinapiga picha ndani ya gari. Kushika simu ukiendesha ni faini ya zaidi ya dola 400 na pointi 5.

5. Pesa ambayo pengine ni yako

Aliyeajiriwa kwenye mjengo chini ya Building and Construction General On-site Award 2020 kwa kawaida ana posho ya nauli ya kila siku. Iangalie kwenye karatasi ya mshahara. Anayetunza wazee au walemavu majumbani, akitakiwa kutumia gari lake akiwa kazini, mara nyingi analipwa kwa kilomita. Ukiona haipo, piga Fair Work 13 13 94. Ukitaka mkalimani, anza na 131 450.

Kwenye kodi ya mapato, safari ya nyumbani hadi kazini kwa kawaida hairudishwi. Ila ukitoka kazi ya kwanza ukaenda moja kwa moja kazi ya pili, hiyo inadaiwa: senti 88 kwa kilomita kwa mwaka wa 2024/25. Andika tarehe na kilomita siku hiyo hiyo.

Zoezi la wiki hii

Chukua daftari. Kwa siku saba andika kila senti ya safari na kila saa unayotumia njiani. Jumapili jumlisha, kisha zidisha kwa 48. Weka jibu hilo pembeni ya kiasi ulichotuma nyumbani mwaka jana. Ukiona namba ya safari inaikaribia ya nyumbani, kaeni chini na wenzako muongee habari ya gari la kuchangia au chumba cha karibu, kabla hamjasaini mkataba mwingine wa nyumba.