Kurudia zoezi lilelile: kuna faida?

SWALI: Ninaandika programu, huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Kiongozi wetu anataka turudie zoezi moja dogo kila wiki, eti kama kata za karate. Si kupoteza muda?

JIBU: Wazo hilo lilienezwa na Dave Thomas, aliyeandika The Pragmatic Programmer (1999) pamoja na Andy Hunt. Mwanakarate hurudia kata dhidi ya adui asiyekuwepo. Wengi wetu waandika programu hujifunzia kwenye kazi ya mteja, naye anasubiri.

Chukua zoezi la kugeuza tarakimu kuwa namba za Kirumi. Andika jaribio kwanza, lione likifeli, kisha andika msimbo wa kulipitisha tu. Moja hadi tatu ni mteremko. Ikifika 4 unaongeza sharti, 9 sharti jingine, na msimbo unavimba. Ukirudia mara kadhaa utagundua kwamba 4, 9, 40 na 90 zinaweza kukaa kwenye jedwali moja na 1, 5, 10 na nyinginezo. Unatoa kubwa kwanza, unazunguka, masharti yote yanatoweka. Ugunduzi huo ndio faida, si jibu lenyewe.

Kwa hiyo ukimaliza, futa. Wiki ijayo badili lugha, au jikataze masharti kabisa. Ukikariri tu, kiongozi wako anakuchosha bure.

Ila wanakarate pia hupambana ana kwa ana. Mwombeni kiongozi wenu awape siku nyingine msimbo mkongwe wa ofisini, ule ambao kila mtu anauogopa.