Sola Inayopindika: Chunguza Tabaka la Mbele

Seli za jua za kioganiki hutengenezwa kwa kemikali za kaboni, ambazo nyingi zinaweza kuyeyushwa kuwa wino na kuchapwa juu ya plastiki nyembamba. Mwaka 1986 Ching Tang wa kampuni ya Kodak, Marekani, alitangaza seli ya kioganiki yenye ufanisi wa asilimia 1 hivi. Leo seli ndogo za maabara zimepita asilimia 19. Ni nyepesi na zinapindika, lakini uhai wake unategemea sana tabaka ambalo wanunuzi wengi hawaliulizii: elektrodi angavu ya mbele.

Kazi mbili zinazopingana

Elektrodi hiyo inatakiwa kupitisha mwanga na wakati huohuo kukusanya umeme. Ikiwa nene, umeme hupita vizuri ila mwanga hupungua. Ikiwa nyembamba, mwanga huingia lakini umeme hupotelea njiani.

Inayotumika zaidi ni oksidi ya indiamu na stani. Hupitisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga, na ukinzani wake ni mdogo. Ubaya wake ni kwamba ni ngumu na hukatika kama kauri: ikivutwa kwa asilimia chache tu, hupata nyufa ambazo jicho halizioni. Tena indiamu hupatikana hasa wakati wa kusafisha zinki, hivyo si rahisi kuiongeza sokoni kila inapohitajika.

Mbadala uliopo

- *Nyuzi nano za fedha.* Hulala zikipishana, mwanga ukapita kwenye matundu. Hupindika vizuri, ila ncha zake zikitokeza hutoboa tabaka la kioganiki na kuleta shoti. Ndiyo maana hufunikwa kwa plastiki laini.
- *Plastiki inayopitisha umeme, PEDOT:PSS.* Huchapwa kwa wino wa maji na hustahimili kupindwa. Hata hivyo, hunyonya unyevu, na ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa fedha.
- *Wavu wa fedha uliochapwa pamoja na plastiki hiyo.* Wavu hubeba umeme mbali, plastiki huukusanya katikati ya matundu. Nchini Denmark, kundi la Frederik Krebs lilichapa seli za namna hii kwenye roli ndefu bila kutumia indiamu kabisa.

Kabla ya kununua, na ukishanunua

1. Uliza imetengenezwa kwa nini. Paneli nyingi za kupindika madukani ni za silikoni, si za kioganiki.
2. Uliza nusu kipenyo cha chini cha kupindia, na imepindwa mara ngapi kwenye majaribio. Plastiki yenye unene wa milimita 0.1 ikizungushwa kwenye nusu kipenyo cha milimita 5, uso wake huvutika kwa asilimia 1. Ukiizungusha kwenye bomba pana zaidi, mvuto hupungua.
3. Usiikunje ikaweka mstari, usiikate kingo wala kuitoboa. Unyevu na oksijeni vikiingia, kemikali za ndani huharibika.
4. Pima ikiwa inafanya kazi. Volti za paneli isiyounganishwa na kitu zinaweza kubaki nzuri hata elektrodi ikiwa na nyufa. Unganisha taa au betri, upime volti na ampea juani kabla ya kuipinda na baada ya kuipinda, mwanga ukiwa uleule. Zikishuka wazi, irudishe dukani ungali na risiti.