Historia ya Kazi ya Mhamiaji: Funzo kutoka Meksiko

Mtu aliyefanya kazi miaka mingi katika mashamba ya California, akaugua na kurejea kijijini kwao Meksiko, huweza kupotea katika takwimu za nchi zote mbili. Marekani hahesabiwi kwa kuwa ameondoka. Nyumbani huandikwa mkulima kama majirani zake. Anayewapima waliobaki kazini peke yao huona watu wenye nguvu, naye huenda akadhani kimakosa kwamba kazi ile haidhuru.

Mradi wa Uhamaji wa Meksiko, ulioanzishwa mwaka 1982 na Jorge Durand na Douglas Massey, hupunguza kasoro hiyo kwa kuuliza pande zote mbili za mpaka. Katika kila jamii iliyochaguliwa, kwa kawaida kaya zipatazo 200 huteuliwa kwa bahati nasibu. Mahojiano hufanyika hasa majira ya baridi, wakati wahamiaji wengi hurudi kwao. Kisha watafiti huwafuata Marekani wenyeji wa jamii hizo waliokwisha kulowea huko.

Mhojaji huzungumza na mkuu wa kaya kwa utulivu, akijaza jedwali la maisha yake mwaka kwa mwaka: aliishi wapi, alifanya kazi gani, alioa lini, watoto walizaliwa lini. Kumbukumbu moja huamsha nyingine. Asiyekumbuka mwaka alioacha kuchuma matunda hukumbuka kwamba mwanawe wa kwanza alikuwa amezaliwa tu.

Njia hii ina mipaka. Wanaohojiwa Marekani hupatikana kwa kuelekezana, hivyo hawawakilishi wahamiaji wote. Waliofariki hawasimulii, na kumbukumbu za zamani hufifia.

Hata hivyo, mhudumu wa afya ana la kujifunza. Swali “Unafanya kazi gani?” halitoshi kwa mgonjwa mwenye kikohozi cha muda mrefu au figo dhaifu. Inafaa aulizwe pia:

1. Amewahi kufanya kazi gani, wapi, na kwa miaka mingapi?
2. Alikumbana na nini kazini: vumbi, viuatilifu, joto kali?
3. Dalili zilianza kabla au baada ya kazi hiyo?

Miaka ikimchanganya, aanzie kwenye tukio asiloweza kulisahau. Mgonjwa naye asifiche kazi aliyoifanya bila kibali. Mganga hatafuti hati zake, bali chanzo cha maradhi yake.