Mgeni wa Malishoni: Namna ya Kumtambua na Kumlinda

Kuanzia Septemba na Oktoba, malisho ya Afrika Mashariki hupokea ndege mdogo mwenye tumbo la njano, miguu myeusi na mkia mrefu anaoutikisa bila kuchoka. Kitaalamu huitwa Motacilla flava. Ana uzito wa gramu 17 hivi, lakini amevuka majangwa kutoka Ulaya au Asia, na ifikapo Machi au Aprili hurejea huko kutaga.

Kumtambua
Madume hutofautiana kichwa kulingana na walikotoka: cha njano, cha kijivu-buluu au cheusi. Majike wamepauka zaidi, hivyo angalia mwendo: hutembea na kukimbia, harukiruki kama shomoro. Mtafute karibu na kwato za ng'ombe, kwani kila ng'ombe wanapokanyaga, wadudu hufurushwa, naye huwadaka. Jioni makundi hulala kwenye matete kando ya maziwa na mabwawa.

Kinachompunguza
Hutaga chini, majanini. Ulaya, mabonde mengi yenye unyevu yamekaushwa, na majani hukatwa kabla makinda hayajaweza kuruka. Nchini Uingereza amewekwa kwenye orodha nyekundu ya ndege wanaohitaji kulindwa zaidi. Kwa hiyo wanaosalimika wanahitaji kushiba huku kwetu.

La kufanya
1. Usilime malisho yote. Ukilazimika kuchoma nyasi, choma kwa vipande, ili wadudu wabaki na mahali pa kukimbilia.
2. Baadhi ya dawa za minyoo, kama ivermektini, hutoka na kinyesi zikiwa bado na nguvu, zikaua funza wa nzi na mbawakawa. Pata ushauri wa daktari wa mifugo. Usitibu kundi zima kwa mazoea.
3. Ukivuna matete, bakiza sehemu hadi Aprili. Sumu ya kuua ndege waharibifu aina ya kweleakwelea, inayonyunyizwa kwenye matete jioni, haichagui. Kabla ya kazi hiyo, mweleze bwana shamba kama kuna ndege wengine wanaolala humo.
4. Huko Ngulia, Tsavo Magharibi nchini Kenya, ndege wahamaji wamekuwa wakivishwa pete za utambulisho miguuni tangu 1969. Ukiokota ndege aliyekufa mwenye pete, nakili maandishi na namba zote, tarehe na mahali, kisha upeleke taarifa ofisi ya wanyamapori iliyo karibu. Akiwa hai, soma pete na umwachie mara moja.